Ulimi Uliofungwa na Fedheha

Katika makanisa ya mji wa Kisumu, na katika makusanyiko madogo ya waaminio yaliyotapakaa kandokando ya ziwa toka Usenge na Asembo hata Kendu Bay na Mbita, wamo watu wengi ambao zamani walikuwa wepesi wa kuzinena habari za Mwokozi wao, na ambao leo wamenyamaza. Imani hawakuiacha. Huja ibadani, hutoa sadaka, huimba na kuomba pamoja na wenzao. Lakini jirani akiwauliza kwa nini wanaamini, huinamisha macho na kugeuza mazungumzo, kwa sababu jirani huyo, au mke, au mwenzao wa kazini, alikuwapo siku walipoanguka, na ushahidi wa macho yake unawatisha kuliko maswali ya mgeni yeyote. Watu hao ndio ninaowaandikia makala haya. Siwaandikii waliozoea kutenda maovu na kuhubiri kwa kinywa kimoja pasipo kutahayari, kwani maradhi yao ni mengine na dawa yao ni nyingine.

Kunyamaza huku kuna asili nyingi, nazo hazina uzito mmoja. Kuna mtu aliyeulizwa na wakubwa wake kazini, au na vijana wenzake katika kijiwe cha bodaboda pale Kondele, kama yeye naye ni katika waliookoka, akacheka pamoja nao na kukana. Kuna mwingine aliyejadiliana na jirani yake Mwislamu, akaghadhibika, akanena maneno ya kumdhalilisha mtu katika dini ya wazazi wake, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Wa kwanza amekosa kwa hofu, wa pili kwa ghururi. Na wote wawili huponyeka upesi wakikubali kurudi pale pale walipojikwaa, yule wa kwanza awaambie wenzake kwamba juzi alificha ukweli, na yule wa pili abishe hodi kwa jirani aombe radhi bila kuongeza hoja hata moja ya kuyatetea aliyoyasema, kwa kuwa radhi iliyofungamanishwa na hoja si radhi. Lakini yupo wa tatu, ambaye shauri lake ni zito zaidi: yule aliyeanguka katika mwenendo, aliyehubiri juu ya kiasi akaonekana mlevi, aliyewafundisha vijana usafi akazini, aliyeaminiwa mfuko wa kikundi akautumia. Huyo hujiambia kwamba kinywa chake kimepoteza haki ya kulitaja jina la Kristo, na kila anapojaribu kusema, dhamiri humkumbusha yaliyopita kwa sauti inayofanana sana na sauti ya unyofu, hata akadhani kwamba kunyamaza kwake ndio unyenyekevu.

Dhana hiyo ni ya uongo, na uongo wake hudhihirika mtu akiisoma tena habari ya Simoni Petro, ambayo watu wa ziwa wanaweza kuisoma kwa ujuzi ambao watu wa bara hawana. Petro alikuwa mvuvi katika ziwa la Galilaya, dogo sana likilinganishwa na hili letu, lakini kazi ya usiku, nyavu za kuoshwa na kuanikwa, na hasara ya kurudi asubuhi na chombo kitupu ni zile zile zinazojulikana Dunga na Usenge. Usiku aliokamatwa bwana wake, Petro alisimama akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, akamkana mara 3. Na mmoja wa waliomsaili alikuwa kijakazi, mtu asiye na mamlaka ya kumfunga wala kumpiga. Injili ya Yohana, inayotuhadithia hayo, yataja moto wa makaa mahali pawili tu, na mahali pa pili ni katika sura ya 21, ambapo Yesu amekwisha kufufuka, naye anasimama ufukweni alfajiri, wakati Petro na wenzake wamekesha bila kupata kitu; anawaagiza washushe nyavu upande mwingine wa chombo, wanavua samaki 153, na wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa umewashwa, na samaki na mkate tayari.

Kwanza walikula. Baada ya kula, Petro akaulizwa mara 3 kama anampenda bwana wake, kwa hesabu ile ile ya kukana kwake, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo awachunge. Hakutakiwa kueleza sababu za kosa lake, wala hakuambiwa kwamba jambo lile halikuwa kitu. Aliulizwa habari ya mapenzi yake, mbele ya wenzake waliojua kisa chote, akahuzunika, akapewa kazi. Baina ya Pasaka na Pentekoste kuna siku 50 tu, na siku ya Pentekoste alisimama Yerusalemu, mji ule ule alimomkana bwana wake, akahubiri. Punde baadaye, katika ukumbi wa Sulemani, aliwaambia watu kwamba walimkana Mtakatifu. Nimelitafakari sana neno hilo katika kinywa cha mkanaji. Hakuweza kulitamka kwa ukali wa hakimu. Na kwa kweli, ukiendelea kusoma sura hiyo ya 3 ya Matendo ya Mitume, utaona kwamba mara tu baada ya kuwashitaki aliwaita ndugu, na kuwaombea udhuru kwamba walitenda bila kujua. Kabla ya kuanguka Petro alikuwa hodari wa upanga na wa kuapa kwamba yeye hatatoroka hata wengine wote wakitoroka. Baada ya kuanguka alijua namna ya kusema na wakosaji.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba mtu aliyeanguka, akatubu, akasamehewa, hakubakiwa na Injili pungufu kuliko aliyokuwa nayo mwanzo. Ikiwa ujumbe wako ulikuwa kwamba wewe ni mtu mwema na wenzako wawe wema kama wewe, basi ujumbe huo umekufa siku ile watu walipokuona, na heri ufe. Ikiwa ujumbe wako ulikuwa kwamba Mungu huwarehemu wasiostahili, hakuna kilichokufa isipokuwa sifa yako, na sifa yako haikuwa sehemu ya ujumbe.

Sisi wa Nyanza tunao ushuhuda wa jambo hili ulio karibu nasi kuliko Galilaya. Uamsho ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, kwa bidii ya Simeoni Nsibambi wa Kampala, ndugu yake Blasio Kigozi, daktari Joe Church na wenzao, ulifika Kabete mwaka 1937, na mwaka 1938 ukafika Maseno, mahali ambapo misheni ya Kianglikana ya CMS ilikuwa na shule tangu 1906. Waliouleta hawakuja kwa watu wasiopata kulisikia jina la Kristo. Walikuja kwa waliokwisha kubatizwa, kwa walimu na wahubiri na wachungaji, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutaja waziwazi makosa yao wenyewe: wizi, ulevi, uzinzi, husuda, chuki ya kabila kwa kabila, dharau ya Mzungu kwa Mwafrika na kinyongo cha Mwafrika kwa Mzungu. Wakisha kuungama walirudisha vilivyoibwa na kuwaendea waliogombana nao, na baada ya hayo wakaeleza walivyosamehewa. Wazee wa ushirika hata sasa hunena juu ya kuvunjika na kutembea nuruni, na maneno hayo yalitoka katika siku zile. Msomaji asidhani kwamba ungamo lilikuwa dibaji tu, kisha yakafuata mahubiri yenyewe. Kwa watu wale ungamo na mahubiri vilikuwa kitu kimoja, na waliosikia waliguswa kwa kuwa msemaji hakuwazidi kwa lolote ila kwa kusamehewa. Katika kizazi cha uamsho huo alikuwamo mwalimu Festo Olang', ambaye alifanywa askofu mwaka 1955, akawa askofu wa kwanza wa Maseno mwaka 1961, na mwaka 1970 akawa askofu mkuu wa kwanza wa Waanglikana wa Kenya.

Insafu yataka niyaseme na ya upande wa pili. Watu wa uamsho walifarakana wao kwa wao hapa Nyanza, na mwaka 1957 sehemu yao kubwa, wakiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, walitoka katika Kanisa la Kianglikana wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, nao wanajulikana zaidi kwa jina la Johera, yaani watu wa upendo. Siingii katika hukumu ya nani alikuwa na haki. Nalitaja jambo hili kwa kuwa linatuonya kwamba hata ungamo laweza kugeuka kipimo cha kuwapimia wengine, mtu akasema moyoni kwamba yeye amevunjika kuliko fulani, na pale pale kiburi alichokitoa kwa mlango wa mbele kikarudi kwa mlango wa nyuma.

Basi mtu aliyeanguka aanzie wapi? Aanzie kwa aliyemkosea, wala asianzie jukwaani. Katika fukwe zetu kuna desturi mbaya iitwayo jaboya, ambayo kwayo mvuvi humpa mama mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye, na desturi hiyo imevunja nyumba nyingi na kusaidia kueneza ukimwi. Tuseme kwamba mvuvi aliyeokoka, aliyekuwa akiomba mbele ya wenzake kila mashua ilipotoka kwenda kutega omena, ameingia katika desturi hiyo na jambo limejulikana. Wa kwanza kuendewa ni mkewe, aambiwe kweli yote inayomhusu. Na mume huyo aende kupimwa virusi katika zahanati kabla ya kurudi kitandani mwake, kwa kuwa toba inayohatarisha uhai wa mke haijawa toba. Wa pili ni yule mama mchuuzi, ambaye pengine hakuwa na hiari kubwa, kwani aliyerudi na beseni tupu hakuwa na cha kuwalisha watoto. Amwendee mchana, mahali pa wazi, akiwa na mzee mmoja wa kuaminika, amwombe radhi, na amwambie kwamba tangu leo atauziwa samaki kwa bei ya wote bila sharti. Wala siku hiyo asimhubirie neno lolote, maana mama huyo ana haki ya kuona kwanza kama bei itabaki vile mwezi ujao. Wa tatu ni wenzake wa mashua, ambao yatosha kuwaambia kwamba alichokuwa akikiomba mbele yao hakukiishi, na kwamba ametubu. Katika yote hayo asilitaje jina la mwanamke yule mbele ya kusanyiko. Una mamlaka ya kuifunua siri yako. Siri ya mwingine si mali yako, na wapo wanawake waliofedheheshwa na ungamo la wanaume kuliko walivyofedheheshwa na kosa lenyewe.

Aliyetumia fedha za watu azirudishe, na kama hana zote, aandikiane na wenyewe mbele ya mashahidi kiasi atakachotoa kila mwezi, kisha atoe. Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara 4, na ahadi yake ilitolewa papo hapo. Najua kwamba mapato ya uvuvi na ya biashara ndogo hayana uhakika. Hata shilingi chache zinazofika kwa wakati huwashawishi watu kuliko ahadi ya fedha nyingi isiyo na tarehe.

Hapa ni lazima nitofautishe mambo 2 ambayo huchanganywa mara nyingi, tena kwa hasara. Kupewa tena ruhusa ya kumshuhudia Kristo si sawa na kurudishiwa cheo. Ushuhuda ni haki ya kila aliyesamehewa, na hakuna baraza la kanisa liwezalo kumnyang'anya. Lakini uongozi, ualimu wa vijana na ulinzi wa hazina ni amana za watu, na watu wana haki ya kungoja, na wakati mwingine kukataa kabisa. Aliyewadhuru watoto asirudi kamwe kukaa nao peke yake, na kosa lake lifikishwe kwa polisi, hata kama amelia machozi ya kweli. Neema haimfichi mtu asifikiwe na sheria. Humpa nguvu ya kuikabili sheria bila kusema uongo, na mfungwa aliyetubu katika gereza la Kodiaga anaweza kuwa na neno la kuwaambia wenzake ambalo mhubiri mgeni hana.

Kuna anguko jingine lisiloonekana kwa macho, ambalo hufunga ulimi vilevile, nalo ni uchungu juu ya aliyetudhulumu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliikimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari mwaka huo chini ya utawala wa Idi Amin. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa uhamishoni moyo wake ulikuwa mgumu kwa ajili ya Amin, na ugumu huo ulimkausha rohoni, hata ibada ya Ijumaa Kuu mjini London ilipomkumbusha kwamba Yesu aliwaombea waliomsulubisha, naye akasamehe. Na kitabu alichokitoa mwaka ule ule kilibeba jina la mapenzi kwa Idi Amin, jambo lililowashangaza wengi. Katika nchi yetu, ambamo mji wa Kisumu umeomboleza maiti baada ya chaguzi zaidi ya moja, namsihi msomaji ajichunguze kama kimya chake hakitoki huko. Huwezi kumwambia mtu kwamba Mungu husamehe, na huku unatetemeka kwa chuki ukilisikia jina la kabila lake.

Ukisha kupita hatua hizo, anza kusema, na anza na mtu mmoja. Usianze na mkutano wa hadhara, wala kipaza sauti pale Kibuye siku ya Jumapili ambapo soko limefurika. Chagua mtu anayekujua, ikiwezekana yule aliyekuwa akikusikiliza kabla hujaanguka, umwendee wakati asipokuwa na wateja, useme maneno machache yasiyo na mapambo: "Mama, mwaka jana nilikueleza habari za Yesu, nawe umeona nilivyoishi baadaye. Nilikosa, nami nimewaendea niliowakosea. Lakini yale niliyokuambia juu yake ni kweli, na sasa nayajua zaidi, kwa sababu amenisamehe." Kisha nyamaza umsikilize. Akikutukana, vumilia, kwani ana sababu. Akiuliza swali usilolijua, sema hujui, nenda ukatafute, urudi. Akiwa ni Mwislamu au Mhindu, msikilize naye akueleze anachoamini, kwa heshima ile ile unayoitaka kwake, kwani aliyesamehewa mengi hana mahali pa kusimama amdharau mtu.

Akikubali kusoma pamoja nawe, nashauri Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, ambayo Mjaluo ataipata kwa lugha ya mama yake katika Biblia nzima iliyotoka mwaka 1953, na kwa Kiswahili katika ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Sababu yangu haiishii katika ufupi. Papia wa Hierapoli, mwandishi wa karne ya 2, alipokea kwa wazee kwamba Marko aliyaandika aliyoyasikia kwa Petro; na mapokeo ya Kanisa humtambua Marko huyo kuwa ni Yohana Marko, kijana aliyemwacha Paulo na Barnaba huko Perge safari ikiwa bado changa, akarudi nyumbani. Kwa hiyo kitabu hicho kimetujia kwa mkono wa aliyekimbia kazi na kwa kinywa cha aliyemkana bwana wake, na habari ya kukana haikupunguzwa humo hata kidogo; na ni humo peke yake ndimo malaika wa kaburini anapowatuma wanawake na kumtaja Petro kwa jina, asije akajihesabu nje ya wanafunzi.

Marko alirudi kazini kwa sababu Barnaba alikubali kumchukua, hata kwa gharama ya kuachana na Paulo. Na miaka ilipopita Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwake maana anamfaa kwa utumishi. Nawaomba wachungaji na wazee wa ushirika walitazame jambo hili. Mara nyingi aliyeanguka huwa tayari kurudi miezi mingi kabla ya sisi kuwa tayari kumtazama usoni. Mtu mmoja mwenye subira amtafute, amtembelee nyumbani, aende naye anapokwenda kuomba radhi, akae kando yake siku ya kwanza atakapotoa ushuhuda, na amzuie kwa upole akitaka kusema mengi kupita kiasi.

Na wewe uliyerudi, usidhani kwamba kuanguka kumekwisha. Petro yule yule, aliyehubiri Pentekoste na kutiwa gerezani kwa ajili ya jina la Yesu, alifika Antiokia akala pamoja na watu wa Mataifa; na walipokuja watu kutoka kwa Yakobo akaogopa, akajitenga na meza yao. Hofu ya zamani ilimrudia, mbele ya waaminio safari hii. Paulo alimpinga waziwazi, kama asomavyo mtu katika sura ya 2 ya Waraka kwa Wagalatia. Jibu la Petro halikuandikwa. Hatuoni popote kwamba alijitetea, wala kwamba aliacha kuhubiri kwa kisirani cha kukaripiwa hadharani. Na katika waraka wa pili wenye jina lake, mwishoni kabisa, anamtaja Paulo kama ndugu anayempenda, na kuwaonya wasomaji juu ya wale wanaoyapotosha aliyoyaandika.